Karavani, batri na jua: umeme wa safarini ulitoka wapi

Wandugu, neno karavani lisituchanganye. Kwa mababu zetu wa Maniema, msafara ulikuwa watu, pembe za ndovu na minyororo. Karavani ya leo ni nyumba ndogo yenye magurudumu, inavutwa na gari, na Wazungu wanaenda nayo likizo. Mtauliza: mwanaagronomia anatafuta nini ndani ya likizo ya watu? Natafuta hesabu yao. Mtu anayelala porini mbali na waya za umeme iko na shida ileile ya sisi tunaoshuka mashambani wiki mbili na kompyuta, simu na sanduku la baridi. Tofauti ni kwamba yeye alianza zamani kuitafutia jibu.

Karavani ya kwanza ya starehe inayojulikana ni ya Gordon Stables, daktari Mskoti aliyestaafu kwenye jeshi la majini la Uingereza. Mwaka 1885 alitengenezewa nyumba ya mbao Bristol, karibu tani 2, akaivutisha kwa farasi wawili hadi kaskazini mwa Uskoti. Batri ya risasi ilikuwapo tayari: Gaston Planté aliivumbua Ufaransa mwaka 1859. Lakini ingemsaidia nini? Ikiisha njiani, nani angeijaza? Batri bila kitu cha kuijaza ni jiwe zito tu.

Kilichoibadilisha ni gari. Cadillac ya mwaka 1912 ilikuja na starta ya umeme, na magari mengine yakafuata: sasa kila gari likawa na dinamo na batri yake. Watu wa karavani wakaomba umeme kutoka kwenye gari, na gari lilipohamia volti 12, taa na vifaa vyao navyo vikafuata. Njo maana hata leo paneli ndogo na taa unazoziona sokoni zimeandikwa volti 12. Ni urithi wa starta, hakuna aliyekaa akachagua namba hiyo kwa ajili ya nyumba.

Urithi huo uko na sumu yake. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha kujazwa mara moja. Sahani zake za risasi ni nyembamba. Ukiiwashia taa usiku mzima mpaka ikauke, kila siku, haifikishi hata mwaka. Koperative moja ya wakulima niliyofanya nayo kazi iliuziwa paneli nzuri kabisa pamoja na batri mbili za lori. Baada ya miezi michache taa zikawa zinazimika saa mbili usiku, na wazee wakasema: jua ni uongo. Jua halikuwa na kosa. Lakini neno lile lilibaki kijijini, na kuling'oa ni kazi kuliko kung'oa striga kwenye mahindi.

Sasa niwapeleke mwaka 1959. Miaka miwili mbele, kampuni ya Marekani Airstream ilikuwa imetoa karavani yake iliyoweza kulala popote bila waya wa nje: taa za volti 12, gesi, maji ya shinikizo. Mwenye kampuni, Wally Byam, akataka kuonyesha kwamba inawezekana kweli. Akachukua karavani 41 za alumini zinazong'aa, akaanzia Cape Town kuelekea Cairo. Njia ilipita pia hapa kwetu, Congo ya Wabelgiji, mwaka uleule Léopoldville ilipoanza na maandamano ya Januari 4 na damu yake. Najaribu kuwaza mtu wa kijijini aliyesimama kando ya barabara na kuona vyumba vya fedha vikipita kwenye tope, ndani taa zinawaka, na yeye kwake koroboi.

Na juu ya vichwa vyao wote kulikuwa na paneli. Sisemi mchezo. Tarehe 17 Machi 1958 Marekani ilirusha Vanguard 1, setilaiti ndogo kama balungi, na mzunguko wake ulipita pia anga za ikweta. Ilikuwa na redio mbili, moja ya batri, nyingine ya paneli za jua. Ya batri ilinyamaza Juni 1958. Ya jua iliendelea kuita mpaka 1964. Jua tulilokuwa nalo tele hapa chini lilikuwa linafanya kazi huko juu, juu ya bei tu. Seli ya silikoni ilikuwa imetangazwa na maabara ya Bell mwaka 1954, ikigeuza umeme kama asilimia 6 ya mwanga, na wati moja ilihesabiwa kwa mamia ya dola. Jeshi liliweza kulipa. Mtu wa likizo hapana, mkulima ndiyo kabisa hapana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkemia Elliot Berman, kwa pesa za kampuni ya mafuta Exxon, aliteremsha bei kutoka kama dola 100 kwa wati hadi kama 20. Wanunuzi wa kwanza wakawa majukwaa ya mafuta baharini! Afrika pia haikuchelewa: nchini Mali, padri Bernard Verspieren alikuwa akipandisha maji kwa pampu za jua mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970. Kwenye chuo nilichosoma hakuna aliyetutajia jina lake.

Jenereta niipitie haraka. Honda ilitoa E300 mwaka 1965, ya kubebwa mkononi, wati 300. Hapo makelele yakaingia kambini. Lita moja ya esansi iko na kama kilowati-saa 9 ndani yake, lakini jenereta ndogo inakupa 1 au 2 tu, zingine zinakuwa joto na moshi. Na moshi huo, ukiiwasha ndani ya nyumba iliyofungwa, unaua watu wakiwa usingizini. Kazi yake ni ile nzito ya saa chache: kuchomelea, kusaga, pampu kubwa.

Hesabu yenyewe ni hii. Paneli ya wati 100, jua zuri la saa tano, toa hasara, inakuachia kama wati-saa 400 kwa siku. Masika, kata nusu. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ya risasi usiitumie kupita nusu, na inakaribia kilo 30. Ya lithiamu-chuma-fosfati unaweza kutumia sehemu kubwa, kama 1,000, na uzito haufiki hata nusu. Kwa hiyo anza na matumizi yako ya siku, kisha batri, kisha paneli. Wengi wetu tunaanza na paneli juu ndiyo inaonekana. Jambo moja tunawashinda wenye karavani wa Ulaya: huku ikweta jua linapita karibu utosini, paneli iliyolazwa juu ya gari haipotezi mingi. Iinamishe kidogo tu mvua ioshe vumbi. Na usiiweke chini ya mti. Kivuli tunachokitafutia kahawa, paneli inakichukia, tawi moja linaweza kupunguza kazi ya paneli nzima.

Kuna jambo linalotugusa zaidi. Mwaka 1980 John Goodenough na wenzake, Oxford, walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inafaa kwa batri ya lithiamu. Sony ikaiuza mwaka 1991, na Lualaba ikabadilika. Leo kama asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa nchini kwetu, na tangu 2018 serikali inaihesabu madini ya kimkakati, mrabaha asilimia 10. Lakini Goodenough huyohuyo, mwaka 1997 kule Texas, alichapisha na wenzake batri ya chuma na fosfati, bila kobalti hata gramu. Ndiyo inayowekwa sasa kwenye karavani, na ndiyo ningependa ile koperative inunue. Mwenzangu mmoja wa jiolojia, wa Kolwezi, nilipomwambia hivyo alikunja uso: ninataka wakulima wake wawe na taa, au mji wake uwe na mishahara? Nilimjibu kwamba batri zote mbili ziko na karatasi nyembamba ya shaba ndani. Hakucheka. Bado tunaandikiana.