Ngumi iliyopelekwa shule

Mwalimu anayefungua darasa la karate Busia au Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, hukutana na wazazi kabla hajawaona watoto. Anawaahidi kuwa mtoto hatarudi nyumbani mgomvi. Atarudi na adabu, atawasalimu wakubwa, atajua kujizuia. Mzazi wa mpakani ana haki ya kusita. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili, Malaba iliyo jirani na Tororo hupitisha malori usiku na mchana, na kijana mwenye misuli hakosi mtu wa kumtuma avushe magendo au amtishe mdeni. Kumfundisha huyo kupiga teke la kichwa si jambo dogo. Jibu wanalopewa wazazi mara nyingi ni kwamba karate, tangu asili yake, ni njia ya maadili, hekima ya kale kutoka Mashariki ya mbali. Jibu hilo linapendeza masikioni, lakini historia hailiungi mkono. Maadili ya karate hayana ukale huo. Yalitiwa ndani kwa makusudi na walimu wa shule, karne moja na ushee iliyopita.

Okinawa, kisiwa ilikozaliwa karate, ilikuwa na ufalme wake hadi Japani ilipoumeza mwaka 1879. Huko mbinu za kupigana zilifundishwa faraghani, mwalimu mmoja na wanafunzi wachache, uani, bila mkanda na bila cheti. Mwaka 1901 mzee Anko Itosu, aliyekuwa na umri wa miaka 70 hivi, alianza kuiingiza sanaa hiyo katika shule ya msingi. Na hapo ndipo kila kitu kilipobadilika. Huwezi kumfundisha mtoto wa darasa la tatu kuvunja kiwiko cha mwenzake, basi mbinu za hatari zikafunikwa. Itosu akatunga mifuatano mitano mifupi ya mazoezi na kuiita Pinan, neno lenye maana ya amani na utulivu. Watoto wakapangwa kwa mistari, wakahesabiwa, wakapiga ngumi hewani kwa pamoja kama wafanyavyo hadi leo. Mwaka 1908 aliwaandikia wakuu wa elimu barua yenye hoja kumi za kuitetea karate kama somo. Mwanafunzi wake mmoja, Gichin Funakoshi, alikuwa mwalimu wa shule kwa ajira. Mwaka 1922 aliionyesha karate Tokyo katika maonyesho ya elimu ya viungo, na katika miaka ya 1930 akaeneza namna mpya ya kuliandika jina lenyewe: uliokuwa mkono wa China ukawa mkono mtupu. Alisisitiza kwamba mtu wa karate haanzi yeye kupiga. Nguo nyeupe na mkanda mweusi aliviazima kwa Jigoro Kano, mwasisi wa judo, ambaye naye alikuwa mwalimu. Hata ile mikanda ya rangi wanayoililia watoto ilipata umaarufu Paris, mikononi mwa mwalimu wa judo Mikinosuke Kawaishi.

Okinawa hiyohiyo ilikuwa na Choki Motobu, aliyejipima kwa mapigano ya mitaani na ambaye, akiwa na miaka hamsini na kitu, alimwangusha bondia wa kigeni. Jarida la Kingu la Tokyo liliisimulia habari hiyo mwaka 1925, lakini michoro yake ilimwonyesha Funakoshi badala ya Motobu. Mpiganaji alishinda pambano, picha ikaenda kwa mwalimu. Sijui kosa la jarida lililosema ukweli mwingi kuliko hilo. Motobu hakuwa mwasi wa karate. Alikuwa mrithi wake halali kama Funakoshi. Mbinu zao zilitoka chungu kimoja. Kilichowatenga ni kwamba mmoja alizipeleka darasani akaziwekea masharti.

Afrika Mashariki ilimpokea Motobu kwanza, ingawa haikumjua jina. Filamu ya Bruce Lee, Enter the Dragon, ilitoka mwaka 1973, na kwa miaka mingi baadaye vibanda vya video vikawa ndiyo darasa la vijana wengi kuhusu ngumi za Asia. Kampala ilizaa hata filamu zake za namna hiyo. Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ni mfano unaojulikana duniani. Lakini darasa nalo lilikuwepo: katika miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alikuwa akifundisha mtindo wa karate wa Goju-ryu Dar es Salaam, katika dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, la Zanaki. Mtoto anayeingia darasani leo huwa ameshapitia skrini. Amekuja kutafuta teke, anakuta anaambiwa avue viatu, aviweke sawasawa mlangoni, ainame.

Je, kuinama huko kunamjenga? Ushahidi uliopo haumpendelei mtu. Mwaka 1986 mtafiti Michael Trulson alichapisha matokeo ya jaribio na vijana watukutu nchini Marekani. Kundi moja lilifundishwa taekwondo pamoja na heshima, utulivu na falsafa yake. Jingine lilifundishwa mapigo matupu. Baada ya miezi sita la kwanza lilikuwa limetulia, la pili limezidi ukali. Jaribio lilikuwa dogo, vijana 34 tu. Mwaka 2005 Endresen na Olweus wa Norway waliwafuatilia wavulana 477 na kukuta kwamba walioshiriki michezo ya nguvu, ikiwemo ngumi, mieleka na sanaa za kupigana, walizidi kuwa na mwenendo mbaya hata nje ya mazoezi. Mwenye kuipinga karate atayashika matokeo haya ya Norway. Mimi nayasoma yote mawili pamoja: pigo halina tabia, na darasa lisilo na masharti hurudi kwa Motobu lenyewe.

Wazee wa mpakani wana pingamizi lao: tuna jando letu, ya nini kuomba malezi Japani? Kaskazini ya Tororo Wagisu, na upande wa Kenya Wabukusu, hutahiri vijana hadharani kila mwaka wa shufwa, na kijana husimama asipepese jicho. Lakini kisu ni cha dakika. Kinachomfunza ni siku zinazotangulia, anapozunguka kwa ndugu akicheza, akikaripiwa, akionywa. Hilo linaunga mkono hoja, haliipingi. Tofauti ni kwamba jando huja mara moja, ni la wavulana, na Wateso wa hapohapo kwa mila zao hawatahiri. Darasa la karate hukaa wiki baada ya wiki na humchukua Msamia, Mteso, Mjapadhola na msichana. Kuhusu ugeni, skauti nayo ilitoka mbali: kitabu cha Baden-Powell kilitoka mwaka 1908, mwaka uleule wa barua ya Itosu, na mwandishi amelala Nyeri. Anayekereka kuinamia picha ya mwasisi ukutani mwa dojo, awe Mwislamu au Mlokole, aiondoe. Iliongezwa na watu.

Pingamizi zito ni lingine. Barua ya Itosu iliwaambia wakubwa pia kwamba karate itafaa jeshi, na Japani ya miaka ya 1930 ikautumia utiifu wa mistari ile kwa vita vyake. Uganda haihitaji kufundishwa nidhamu ya namna hiyo. Kwa wengi wa upande huo Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya kambi na vizuizi vya barabarani. Rais Idi Amin alipokitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, walikisikia kikitoka katika mdomo wa bunduki. Baraza la mawaziri liliamua mwaka 2022 kifundishwe shuleni kwa lazima, lakini neno nidhamu bado halina sauti moja pande mbili za Busia. Huenda ndiyo maana hesabu ya Kijapani ya ichi, ni, san inawafaa watoto wa mpaka: si amri ya serikali yoyote. Kazi ipo mwishoni, mazoezi yanapokwisha, watoto wamekalia visigino, jasho linawatoka, wanamtazama mwalimu aseme. Kijapani hakimfikishi popote hapo. Itambidi achague lugha ya nani, na aeleze kwa nini asiyepiga kwanza si mwoga.