Tarehe 15 Aprili: Nuksi ya Siku au Kuna Sababu?



Kila mwaka ikikaribia katikati ya Aprili, ile orodha hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Wengi wenu mmeshaiona. Titanic ilizama 15 Aprili. Mahema ya mahujaji Mina yaliungua 15 Aprili. Watu walikanyagana na kubanwa hadi kufa kwenye uwanja wa mpira Uingereza, 15 Aprili. Kanisa kubwa la Paris liliwaka moto, 15 Aprili. Chini yake watu huweka vikatuni vya kulia na kuandika kwamba siku hii ni nzito. Basi tena, bibi harusi aliyekwishalipia ukumbi ananipigia simu usiku: "Dada, nibadilishe tarehe?"

Mie ni fundi wa nguo, skuli niliishia sekondari nikaenda kusomea ushoni. Lakini historia naipenda, na hofu za mabibi harusi ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa hiyo leo tuichukue tarehe hii tuikunjue kama kitambaa, tuone ndani mna nini.

Tuanze nyumbani, maana orodha hiyo ya WhatsApp imesahau msiba wetu wenyewe, ambao ni wa zamani kuliko hiyo yote niliyoitaja.

Tarehe 15 Aprili 1872, siku ya Jumatatu, kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja. Sayyid Barghash alikuwa na takriban mwaka mmja na nusu tu kwenye kiti. Visiwa vyetu viko karibu mno na mstari wa ikweta, na vimbunga huko havipendi kufika, kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyejenga wala kupanda akifikiria upepo wa namna ile. Meli zilizokuwa bandarini zilitupwa pwani, zikiwemo za Sultani mwenyewe. Moja iliitwa El Majidi, na hiyo ina kisa chake: kabla ya kununuliwa na Zanzibar ilikuwa meli ya kivita ya majimbo ya kusini mwa Marekani, ikiitwa Shenandoah, na iliwahi kuzunguka dunia ikiwinda meli za kaskazini. Ikanusurika vita, ikaja kutupwa pwani na upepo hapa petu. Ng'ambo ya pili, Bagamoyo, misheni ya mapadri nayo iliangushwa.

Lakini hasara ya kweli ilikuwa mashambani. Mikarafuu na minazi ya Unguja iling'oka kwa wingi mno. Nyumba ikianguka unaijenga kwa miezi. Mkarafuu ukianguka unapanda mche, unaumwagilia, unausubiri miaka sita, saba, minane ndipo uone karafuu ya kwanza. Wenye mashamba wengi walikuwa tayari na madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi, wameweka rehani ardhi. Mti umelala chini na deni limesimama.

Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Karafuu ilipoadimika bei ikapanda, na Pemba ikawa ndiyo yenye miti. Kabla ya hapo Unguja ndiyo ilikuwa mbele kwa karafuu, na tangu hapo Pemba ikashika uongozi hadi leo. Kwa hiyo Mpemba akikuringia karafuu zake, shoga yangu, mwache aringe, ila mkumbushe kwamba upepo ulimsaidia.

Kuna upande mwingine ambao hatupendi kuusema. Waliokuwa wakipanda na kuchuma karafuu hizo wengi wao walikuwa watumwa, wanawake kwa wanaume. Kupanda upya kulihitaji mikono, na mikono ikatafutwa kwa njia ileile. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wakimbana Sayyid Barghash afunge biashara ya watumwa, naye akawajibu kwamba kimbunga kimeshawafukarisha watu wake, wasiongezewe mzigo. Hawakumwachia. Tarehe 5 Juni 1873 aliweka saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo kwa njia ya bahari, na soko la watumwa mjini likafungwa. Naona vigumu kuuita mwaka ule mwaka wa nuksi tu. Inategemea unamuuliza nani, mwenye shamba au binti aliyekuwa asafirishwe kwa jahazi mwaka unaofuata.

Miaka arubaini kamili baadaye, 15 Aprili 1912, na tena Jumatatu, ndiyo Titanic. Iligonga mlima wa barafu unaoelea usiku wa tarehe 14, kama saa sita kasoro dakika ishirini, na ikazama saa nane na dakika ishirini za usiku, yaani tarehe imeshageuka. Ndani mlikuwa na watu kama 2,200. Waliokufa ni zaidi ya 1,500.

Filamu sote tumeiona, sitaisimulia. Nataka kusema juu ya mashua. Meli ile ilikuwa na mashua 20 za kuokolea watu, na zote zikijaa zingebeba watu 1,178 hivi. Na haikuvunja sheria! Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilihesabu mashua kwa uzito wa meli, haikuhesabu vichwa vya watu. Kisha hata hizo chache ziliondoka hazijajaa. Mashua namba moja, yenye nafasi ya watu 40, iliondoka na watu 12. Mmoja wao alikuwa mshoni mwenzangu: Lady Duff Gordon, aliyejulikana kwa jina la biashara la Lucile, mwenye maduka ya mavazi London, Paris na New York. Baadaye yeye na mumewe waliitwa mbele ya baraza la uchunguzi waeleze kwa nini mashua yao haikurudi kuokota watu waliokuwa majini.

Palikuwa na maharusi pia. John Jacob Astor, mmoja wa matajiri wakubwa wa Marekani, alikuwa akirejea na mkewe Madeleine kutoka fungate iliyowafikisha mpaka Misri. Bibie alikuwa na miaka 18 na ni mjamzito. Mume aliomba aingie naye kwenye mashua kwa ajili ya hali yake, akakataliwa, mashua ile ilikuwa ya wanawake na watoto. Mtoto alizaliwa Agosti, baba keshafariki. Na kwa wanawake wenyewe, wa daraja la kwanza karibu wote waliokoka, wa daraja la tatu karibu nusu yao walikufa. Bahari ilikuwa moja na tarehe ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa tiketi, na umbali wa ngazi kutoka vyumba vya chini.

Ya Mina inaniuma zaidi, kwa kuwa ni nguo. 15 Aprili 1997 ilikuwa mwezi 8 Mfunguo Tatu 1417, siku ya Tarwiya, mahujaji wanakusanyika Mina kabla ya Arafa. Mahema yalikuwa ya kitambaa, yamepangwa bega kwa bega. Watu wakipika ndani kwa mitungi midogo ya gesi. Moto ukashika, upepo mkali ukaubeba kutoka hema hadi hema, na mitungi ikawa inaripuka njiani. Mahema yapatayo 70,000 yaliteketea. Mahujaji 343 walifariki na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, wengi wao kutoka India, Pakistan na Bangladesh. Allah awarehemu na awapokee na ihramu zao.

Waliokwenda Hija karibuni wanajua kilichofuata. Mahema meupe mnayoyaona Mina leo ni ya kudumu, yametengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizopakwa Teflon, ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha. Hayashiki moto kwa urahisi, yana mabomba ya kumwaga maji moto ukizuka, na mitungi ya gesi ya kupikia ikapigwa marufuku.

Mengine ya kwenye orodha nayapitia mbio. Wenye waume mashabiki wa Liverpool wanaijua Hillsborough, Sheffield, 15 Aprili 1989: waliofariki walifika 97, na mwaka 2016 baraza la mahakama liliamua kwamba waliuliwa kinyume cha sheria, baada ya familia kupigania ukweli kwa miaka 27. Kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua mwaka 2019, na alhamdulillah hakufa mtu.

Sasa turudi kwa bibi harusi wangu na simu yake ya usiku. Fungua kalenda yetu. Kimbunga cha 1872 kilipiga mwanzoni mwa Mfunguo Tano, 1289. Titanic ilizama mwishoni mwa Mfunguo Saba, 1330. Moto wa Mina ni Mfunguo Tatu, ndani ya zile siku kumi bora za mwaka. Kwa hesabu ya mwezi hizi ni siku tatu tofauti kabisa, hazina hata undugu. "Siku moja" hiyo tunayoiogopa imetengenezwa na kalenda ya Kizungu.

Najua yuko bibi mmoja pembeni anasema, "Si unaona, 1872 ilikuwa Safar!" Safar ndiyo huo Mfunguo Tano, na kwetu wapo wasiooza wala kusafiri ndani yake, khasa Jumatano yake ya mwisho. Bibi yangu, Safar huja kila mwaka, na inazunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Safar ngapi zimepita Unguja bila kimbunga? Na Mtume (s.a.w.) alikwishakataza kuamini mikosi, na Safar akaitaja kwa jina. Ukisema basi ubaya ni Jumatatu, kwa kuwa mbili kati ya hizo zilikuwa Jumatatu, hiyo ndiyo siku aliyozaliwa yeye mwenyewe, na kuifunga ni suna.

Na kubwa kuliko yote kwetu sisi wa mambo ya harusi: Waarabu wa zamani waliogopa kuoana mwezi wa Shawwal. Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kwamba Mtume alimuoa ndani ya Shawwal na akaingia nyumbani kwake ndani ya Shawwal, na yeye akapenda mabinti wa kwao wapelekwe kwa waume zao mwezi huo. Shawwal ndiyo Mfunguo Mosi. Leo kwetu ndiyo msimu wa harusi, mie silali kwa cherehani.

Ila simwambii bibi harusi asijali kitu. Tarehe haina kosa, lakini msimu una mambo yake. Aprili upepo unageuka kutoka kaskazi kwenda kusi, na Bahari ya Hindi ya kusini inamaliza msimu wake wa vimbunga. Ndiyo maana Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi, na mwanzoni mwa Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia. Kule kaskazini mwa Atlantiki nako milima ya barafu huteremka hadi kwenye njia za meli miezi hiyohiyo ya Aprili na Mei. Nahodha wa Titanic alikuwa ameshatumiwa taarifa za barafu na meli nyingine siku ileile. Mina ndiyo haihusiani na Aprili hata kidogo. Hiyo ilikuwa gesi, kitambaa na upepo.

Misiba yetu mizito ya karibuni haimo hata kwenye orodha hizo. MV Spice Islander ilizama njiani kwenda Pemba 10 Septemba 2011, watu wamemaliza sikukuu wanarudi majumbani. MV Skagit, 18 Julai 2012, karibu na Chumbe, siku chache kabla ya Ramadhani. Sijasikia mtu akisema Septemba 10 au Julai 18 ni nuksi asiozeshe. Tunajua sote kilichotokea: Spice Islander ilibeba watu kupita kiasi, na Skagit ilitoka bahari ikiwa chafu.

Kwa hiyo ukiniuliza kuhusu harusi ya Aprili, nitakuuliza haya. Wageni wako wa Pemba wanakuja kwa boti gani, na wameambiwa kwamba bahari ikichafuka wasubiri hata kama watakosa nikaha? Turubai uani limefungwa vipi, maana masika si mchezo? Mitungi ya gesi ya wapishi iko wapi, chini ya turubai hilohilo au mbali nalo? Na gauni lako ni kitambaa gani? Neti nyingi za shela tunazoshonea ni poliesta. Chomoa uzi mmoja uuwashe kwenye sahani: pamba hugeuka jivu kama karatasi, poliesta huyeyuka na kuwa tone gumu. Tone hilo likiangukia ngozi linaganda. Sasa mfikirie biharusi amesimama juu ya chetezo chenye makaa, shela limeburura chini, mashoga wamemzunguka wanapiga picha.

Udi fukizeni nguo ikiwa imetundikwa kwenye henga, mbali na makaa, kabla hajavaa. Shela lije mwisho, chetezo kikiwa kimeshatolewa chumbani.