Uandishi mtandaoni: Jinsi ya kusaka kazi bila kupunjwa

KWA kijana aliyehitimu chuo kikuu na kuchoka kubisha milango ya afisi, uandishi wa kujitegemea kupitia mtandao umekuwa kimbilio. Tangu nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zifikishwe Mombasa mwaka wa 2009, mtu wa Eldoret ameweza kumwandikia mteja wa Chicago pasi na kuondoka chumbani mwake. Serikali nayo ilizindua mpango wa Ajira Digital mnamo 2016 ili kuwapa vijana mafunzo ya kazi za aina hii.

Masoko yenyewe ni machache. Elance, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1999, iliafikiana na mshindani wake oDesk mwaka wa 2013 kuungana, na tangu 2015 kampuni hiyo inaitwa Upwork. Freelancer ya Australia ilianza 2009, na Fiverr ya Israeli 2010. Katika Upwork na Freelancer, mteja hutangaza kazi nao waandishi wakaiwania kwa zabuni. Fiverr aghalabu huenda kinyume: mwandishi hutandaza huduma zake pamoja na bei, kama muuzaji kibandani, kisha akamngoja mnunuzi.

Zabuni hizo si za bure. Upwork hutumia tokeni ambazo tangu 2019 zimekuwa zikiuzwa kwa senti 15 za dola kila moja, na ombi moja laweza kumeza tokeni kadhaa. Hivyo basi, mgeni anayetuma maombi hamsini yenye maneno yaleyale huwa ametumia fedha kabla hajapata hata ndururu. Heri maombi matano yanayojibu tangazo lenyewe: mteja anauza nini, wasomaji wake ni akina nani, na wewe umewahi kuandika nini kinachokaribiana na hilo. (Sijui ni nani aliyewafunza vijana wetu kufungua kila ombi kwa "Mpendwa Bwana au Bibi".)

Wasifu nao usiwe wa mtu anayejua kila kitu. Anayejitangaza kuwa hodari wa mada zote hashindani na yeyote, kwa kuwa hakumbukwi. Aliyesomea kilimo na aandike kuhusu kilimo. Aliyefanya kazi katika bima asiifiche. Asiyewahi kuajiriwa anaweza kuandika makala matatu kwa hiari yake, ayahariri barabara, na kuyaonyesha kama sampuli.

Katika kupanga bei, kumbuka makato. Fiverr hujitwalia asilimia 20, kumaanisha kwamba makala ya dola 50 humletea mwandishi dola 40. Kuhusu usalama wa malipo, kandarasi za bei maalumu katika Upwork humtaka mteja aweke fedha katika amana. Usianze kazi kabla ya kuthibitisha kwamba fedha hizo zimewekwa. Ukishawasilisha kazi rasmi na mteja akanyamaza kwa siku 14, fedha hizo huachiliwa. Kinga hii hutoweka pindi mwandishi anapokubali kushawishiwa kuhamia WhatsApp na kulipwa nje ya jukwaa. Aidha, anayekudai ada ya usajili ili akupe kazi ni tapeli.

Lipo jambo jingine ambalo limewatia vijana wengi hasarani humu nchini: ununuzi na ukodishaji wa akaunti za watu wengine. Kanuni za majukwaa makuu hulikataza. Mwenye akaunti anaweza kutakiwa wakati wowote kuthibitisha sura na kitambulisho chake, na mnunuzi akishindwa, akaunti hufungwa pamoja na fedha zilizomo. Aliyemuuzia naye huenda kesha zima simu.

Siwezi kupita bila kutaja uandishi wa insha za wanafunzi wa ng'ambo, kazi iliyowalisha Wakenya wengi kwa miaka. Australia ilipitisha sheria ya kupiga marufuku biashara hiyo mwaka wa 2020, na kwa upande wa Uingereza, England ikafuata 2022. Mwishoni mwa mwaka huohuo ChatGPT ilizinduliwa, na waandishi wengi wa insha wakaanza kulalamika kwamba kazi imeadimika. Mbali na udanganyifu wenyewe, kuna hasara isiyozungumzwa sana. Mwandishi wa insha hawezi kumwonyesha mteja mpya kazi yake. Baada ya miaka kumi ya kukesha, hana hata makala moja yenye jina lake, na analazimika kuanza upya pamoja na waliohitimu jana.

Malipo yakishafika, mwenye PayPal anaweza kuyahamishia M-Pesa, huduma iliyoanza 2018. Mapato haya hutozwa kodi kama mengine. Weka rekodi ya kila ankara, kwani ripoti ya mwaka hutakiwa na KRA kufikia Juni 30.