Neno la Siri na Mlinzi Asiyelijua: Historia Fupi kwa Watunga Istilahi

Miongoni mwa istilahi zinazowafikia wafasiri mara kwa mara siku hizi ni jina la programu inayowekwa katika simu janja ili imtunzie mwenye simu maneno yake ya siri. Wako wanaoiita "meneja wa nywila", wako wanaoiita "kidhibiti cha manenosiri", na wengine "kitunza nywila". Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba uchaguzi huo si suala la ladha tu. Jina la chombo humfundisha mtumiaji kiasi cha imani anachopaswa kukipa, na historia ya neno la siri lenyewe inatuelekeza ni jina la namna gani linalofaa.

Neno la siri ni kongwe kuliko kompyuta. Polybius, mwanahistoria Myunani wa karne ya 2 kabla ya Kristo, ameeleza jinsi jeshi la Kirumi lilivyoandika neno la usiku katika kibao, kikapitishwa kikosi hadi kikosi na kurejeshwa kwa mkuu kabla ya giza kuingia. Neno hilo lilikuwa la wote: mlinzi alilijua sawasawa na mpitaji, kwani pasipo kulijua asingeweza kumtenga rafiki na adui. Dhana hii ya mlinzi anayejua ndiyo iliyorithiwa na kompyuta za kwanza zilizotumia maneno ya siri.

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu wengi kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Katika mfumo huo kila mtumiaji alikuja kupewa neno lake, ili majalada yake yasichanganyike na ya mwenzake. Maneno yote, hata hivyo, yaliwekwa pamoja katika jalada moja, tena yakiwa wazi. Mwaka 1962 mtafiti mmoja, Allan Scherr, alipoona kwamba saa alizogawiwa hazimtoshi, aliagiza jalada hilo lichapishwe, nalo likachapishwa. Miaka michache baadaye ilitokea hitilafu iliyobadilishana jalada hilo na tangazo la siku, na kila aliyeingia katika mfumo akasomewa maneno ya siri ya wote. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapo kata ilisema hadharani.

Mageuzi makubwa yalielezwa mwaka 1979 na Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Laboratories, katika makala yao kuhusu mfumo wa Unix. Waliona kwamba kompyuta haina haja ya kulihifadhi neno lenyewe. Neno husagwa kwa hesabu, na kinachohifadhiwa ni unga wake. Na kama ilivyo kwa mahindi, punje huwa unga lakini unga haurudi kuwa punje. Mtumiaji akiandika neno lake, kompyuta hulisaga upya na kulinganisha unga na unga. Kwa njia hii mlinzi aliweza kumtambua mtu pasipo kuijua siri yake.

Lakini wataalamu hao hao walieleza udhaifu wa upande wa pili. Walikusanya maneno ya siri 3,289 ya watumiaji, wakakuta 2,831 kati yake, yaani asilimia 86, ni mafupi mno au yanapatikana kwa urahisi katika kamusi na orodha za majina. Aidha, si wote waliolizingatia somo la mlinzi asiyejua. Mwaka 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, yote yakiwa yamehifadhiwa wazi.

Binadamu hawezi kukariri maneno marefu ya siri kwa makumi, kila moja tofauti na jingine. Kutokana na shida hiyo zilitokea programu tunazozijadili. Mojawapo ya zile za mwanzo, Password Safe, ilitolewa na Bruce Schneier mwaka 1997. Mtumiaji hukariri neno moja tu, na neno hilo ndilo linalofungua mengine yote, yaliyohifadhiwa kwa usimbaji fiche. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri kwamba mifumo iwaruhusu watumiaji kubandika neno la siri badala ya kulazimika kuliandika herufi kwa herufi, ili programu hizo ziweze kutumika.

Je, zote ni za kuaminika? Mwaka 2022 wezi waliingia katika hifadhi za kampuni ya LastPass na kunakili makasha ya wateja. Maneno ya siri yalikuwa yamesimbwa, lakini anwani za tovuti ambazo kila mteja huzitumia hazikusimbwa. Mwizi, ingawa hakuweza kusoma neno, aliweza kujua mteja huyu ana akaunti katika benki gani. Na kabla ya hapo, Februari 2021, uchunguzi ulionyesha kwamba programu ya kampuni hiyo katika simu za Android ilikuwa na vifuatiliaji saba. Kazi ya vifuatiliaji vya namna hiyo si kusoma maneno ya siri, bali ni kupeleka kwingine habari za jinsi programu inavyotumiwa.

Mikasa hii miwili yatukumbusha kwamba siri na faragha ni vitu viwili. Mtu aogaye hana siri, kwani kila mtu nyumbani ajua anaoga. Hata hivyo amefunga mlango, na ana haki ya kuufunga. Hiyo ndiyo faragha. Neno hili si geni katika maandishi yetu rasmi: haki ya faragha iliingizwa katika Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania kwa marekebisho ya mwaka 1984, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Mfasiri anayeandika "siri" mahali pa "faragha" humpunguzia msomaji haki yake, kwa kuwa humwachia adhani kwamba asiye na la kuficha hana la kulindwa.

Turejee sasa katika istilahi yetu. Meneja, katika ofisi zetu, ni mtu mwenye mamlaka ya kufungua kila mtoto wa meza na kuulizia kila jalada. Kuiita programu kwa jina hilo ni kumrudisha mlinzi anayejua, yule wa mwaka 1962. Hatari yake si ndogo katika nchi ambako fedha za watu wengi zimo ndani ya simu, na si ajabu kumsikia mtu akimtajia wakala namba yake ya siri kwa sauti. Kwa hiyo twapendekeza "kasha la nywila", na neno linalolifungua liitwe "ufunguo mkuu". Kasha hutunza bila kujua, na ufunguo hukaa kwa mwenyewe.

Jina hilo lamsaidia pia mwalimu, maana maswali ya kumpima mtunzaji hutokana nalo. Je, ufunguo mkuu uko kwa mwenye mali peke yake? Kampuni inayoweza kukutajia ufunguo uliousahau ilikuwa ikiujua siku zote. Je, kuna kitu kilichoachwa nje ya kasha bila kusimbwa? Je, seremala wake amewaruhusu wataalamu wengine wasiomtegemea walikague? Na je, likishawekwa katika simu, kasha lenyewe linaomba ruhusa zipi, na linapeleka habari kwa nani? Mtumishi wa serikali atakayeyauliza maswali hayo kabla ya kuweka humo funguo za ofisi atakuwa ameilinda mali ya umma. Nasi twawaomba wasomaji watuletee maoni yao juu ya istilahi hizi mbili, pamoja na majina mengine yanayotumika katika sehemu zao.