Mwili Hausomwi kwa Macho

Hapa Buyenzi, kama kwingi Afrika Mashariki, unene husomwa kuwa afya na wembamba kuwa maradhi. Miaka ya 1980, Waganda waliuita UKIMWI «Slim», yaani ugonjwa wa kukondesha.

Miaka ya 2000, tiba ilipowafikia wengi barani Afrika, stavudini ilitumika sana kwa sababu ya bei yake nafuu. Iliokoa maisha, lakini iliharibu seli za mafuta: mashavu yakabonyea, mikono na miguu ikasinyaa. Baadhi ya wagonjwa walirundikana mafuta tumboni na nyuma ya shingo. Hivyo aliyekuwa akipata nafuu alidhaniwa anakaribia kufa, na siri yake ikasomwa usoni.

Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilizihimiza nchi ziachane na stavudini. Tangu 2019 linapendekeza dolutegraviri, ambayo huweza kuongeza uzito.

Dawa ya jana ilikondesha. Ya leo huweza kunenepesha. Virusi hubainishwa na vipimo, si umbo. Basi tusimhukumu jirani kwa kumtazama. Nawe unayetumia dawa, ukiona mwili unabadilika, mweleze daktari, usiziache.