Gobori la bei nafuu lilitoka wapi?

Msimu huu nguruwe pori na ngedere wametutesa kwenye mihogo na mahindi, na swali ninaloulizwa sana shambani si la mbolea tena. Ni hili: "Bwana shamba, kuna mtu anauza gobori la zamani, chuma cha Mzungu kabisa, nichukue?" Jibu nitalitoa, lakini kwanza nikupe historia, maana hilo gobori limesafiri sana na wewe si mnunuzi wa kwanza kusifiwa chuma chake.

Mwanzo wake ni majeshi ya Ulaya. Zamani yalitumia bunduki za gumegume: jiwe linagonga chuma, cheche zinawasha baruti. Kuanzia miaka ya 1840 yakahamia kwenye fataki, yaani kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka kikigongwa (si yule fataki wa matangazo ya redioni). Kisha mwaka 1866 Prussia ikaipiga Austria kwa bunduki za kupakia nyuma, na ndani ya miaka michache kila jeshi kubwa likataka za namna hiyo. Uingereza ikachukua Snider, halafu Martini-Henry mwaka 1871. Ufaransa ikachukua Chassepot, halafu Gras mwaka 1874.

Sasa jiulize, zile za zamani zilikwenda wapi? Ziliuzwa kwa mafungu, kama marobota ya mitumba. Mji wa Liège, Ubelgiji, ulikuwa na mafundi wengi wa bunduki, na wachuuzi wa huko walizinunua kwa bei ya kutupa. Zikasuguliwa, nyingine zikabadilishwa kutoka gumegume kuwa za fataki, zikapakiwa melini kuja Afrika.

Faida yake tunaijua vizuri kwa sababu mchuuzi mmoja aliiandika kwenye barua kwa familia yake. Ni Arthur Rimbaud, Mfaransa aliyekuwa mshairi maarufu ujanani, akaacha mashairi akaja kufanya biashara Aden na Harar. Mwaka 1885 alieleza kwamba bunduki za fataki zilizoachwa na jeshi miaka 40 nyuma zilipatikana kwa faranga 7 au 8 Liège au Ufaransa, na Menelik, mfalme wa Shewa, aliuziwa kwa faranga 40 hivi. Mara tano! Mfanyabiashara yeyote wa gulioni angeona hapo pana utajiri.

Lakini soma yaliyompata. Mshirika wake alifariki kabla msafara haujaondoka. Rimbaud akatoka Tadjoura, pwani ya Djibouti ya leo, Oktoba 1886 akiwa na bunduki kama 2,000 juu ya ngamia, akakata jangwa, akafika Shewa Februari 1887. Mwezi mmoja kabla, Menelik alikuwa ameiteka Harar na kukuta huko silaha bora kuliko hizo za fataki. Akamkata bei, na wadai wa marehemu nao wakajitokeza kudai chao. Menelik alijua anachonunua. Alipokutana na Waitaliano Adwa, tarehe 1 Machi 1896, wengi katika jeshi lake walikuwa na bunduki za kupakia nyuma, baadhi zikiwa zimetoka kwa Waitaliano wenyewe siku za urafiki wao.

Huku kwetu mlango ulikuwa Unguja. Balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, aliandika mwaka 1888 kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Zilipanda na misafara hadi Tabora na Ujiji, zikirudi kama pembe za ndovu. Mnunuzi wa bara hakuwa mjinga alipochagua gumegume badala ya bunduki mpya. Bunduki ya kupakia nyuma hula risasi za kiwandani tu, na zikiisha, mmiliki amebaki na fimbo ya bei ghali. Ya fataki hungoja fataki kutoka pwani. Ya gumegume hula baruti, jiwe, na hata vipande vya chuma kutoka kwa mhunzi wa kijijini. Wenye mashine za kumwagilia zisizo na vipuri wananielewa.

Kasoro yake ilikuwa ndani ya mtutu. Mtutu uliochakaa jeshini, ukaliwa na kutu, kisha ukasuguliwa ung'ae, kwa nje unapendeza. Ukishindiliwa baruti nyingi, unapasuka karibu na uso wa mpigaji. Hilo halionekani kwa jicho wala kwa kugongagonga.

Halafu mwaka 1890 mataifa yakakutana Brussels, yakakataza kuuza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yakaruhusu gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, walichoturuhusu ni kile ambacho majeshi yao yalikuwa yamekiacha zamani. Ndiyo sababu moja gobori likaendelea kukaa vijijini.

Kwa hiyo, ndugu uliyeniuliza: usichukue. Kama kweli ni la zamani, chuma hicho kinaweza kuwa na zaidi ya miaka 150, na kama si la zamani, huenda ni bomba la maji lililochongewa kitako. Vyovyote iwavyo, kumiliki bila leseni ni kosa. Kuhusu nguruwe, andika tarehe na ukubwa wa eneo lililoharibiwa, upeleke kwa mtendaji wa kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya aitwe mapema. Walinzi wa usiku wapangwe kwa zamu kuanzia mahindi yanapoanza kubeba.