Utambulisho wa Ndege Iliyozama

Tarehe 11 Julai 1943, ndege ya Marekani ya kudondosha mabomu, aina ya B-17, ilitua kwa dharura baharini mbele ya kijiji cha Boga Boga, katika Papua New Guinea ya leo, ikirejea kutoka kushambulia Rabaul, ngome ya Wajapani. Watu wote 10 waliokuwemo walinusurika, ndege ikazama.

Mwaka 1986 wapiga mbizi, wakiongozwa na masimulizi ya wanakijiji, waliikuta chini ya maji. Lakini ilikuwa ipi kati ya ndege zaidi ya 12,000 za aina hiyo? Namba yake, 41-24521, ilipolinganishwa na majalada ya jeshi, ilithibitisha kuwa ni "Black Jack".

Majalada yalihifadhi jina. Wanakijiji walihifadhi mahali. Ni dhahiri, basi, kwamba anayepuuza masimulizi ya wazee huipoteza nusu ya historia.